Simba wa Baiskeli na Makomamanga ya Mama

Jumamosi, 5 mwezi wa Aban
Bismillahi. Mke wangu Effat kasema tena: kitanda cha kufumia cha marehemu mama kinakula sebule nzima, atakivunja. Nimemwomba wiki moja. Ijumaa Haji Mirshekar wa chama cha wafumaji atapita mtaani kuchagua mazulia ya picha ya maonyesho. Anatazama shubiri ya kwanza iliyofumwa tu, hangoji zulia liishe. Akituchagua, kitanda kinabaki. Picha ninayo: kibandiko cha kiberiti cha utotoni mwangu, simba anaendesha baiskeli. Nani mwingine anacho katika mji huu wa Ravar?

Jumapili, 6 Aban
Jirani Nosratollah anafuma jogoo aliyevaa miwani ya jua. Kaniuliza, juu ya ukuta, kama simba wangu ana leseni. Nikaswali kwanza, kisha nikamjibu.

Jumatatu, 7 Aban
Effat na dada yake Tuba wameanza kufunga mafundo. Mimi nawatajia rangi kwa kuimba, kama mama alivyowaimbia wafumaji wake. Nyekundu mbili, ruka moja, rudi na kijani. Tuba kasema sauti yangu ni ya mlango usiotiwa mafuta. Lakini wimbo ule! Ukanijia na harufu ya sufu mbichi na chai ya mama yenye iliki. Nikafumba macho nisilie. Nimeimba hivyo hadi adhuhuri, karatasi ya mchoro mapajani.

Alhamisi, 10 Aban
Magurudumu yameota majani. Nimerudi nyuma hatua tatu nikatazama vizuri. Ni makomamanga. Siku zote hizi nimewatajia zulia la mama la makomamanga, fundo kwa fundo, kwa moyo. Nimemlaumu Effat. Kanijibu: Baba Zohre, ulisema kijani, nikafunga kijani. Simba wako ningemwonea wapi?

Ijumaa, 11 Aban
Haji kauliza baiskeli iko wapi. Nimemwambia simba kaiegesha nyuma ya mti. Kamchagua jogoo.
Nikachukua nyundo mwenyewe, ahadi ni ahadi. Effat kanishika mkono. Kasema makomamanga haya ndiyo aliyomfundishia mama mkwe kufuma alipoletwa bibi arusi, na atayamaliza. Kitanda kibaki. Ila niape kwamba sitawaimbia tena. Nimeapa mbele ya Msahafu. Tukalia wawili, Tuba akicheka.

Jumamosi, 12 Aban
Alhamdulillahi, nimepata karatasi ya sabuni ya zamani: ngamia anapiga simu. Nimeapa kutoimba. Kuhusu kunong'ona, hakuna aliyesema neno.