Konokono wa Mlimani Waliotoka Mtaroni

Jumatatu, 4 Machi
Profesa katangaza leo. Nafasi ya msaidizi wa maabara ni moja tu, wanaoitaka ni wawili: mimi na mwanafunzi mwenzangu tunayemwita Miwani. Kila mmoja alete konokono kumi wa kinamasini na kumi wa mlimani kukavu, awapasue, alinganishe tezi ya mguu, ile inayotoa ute. Kuwasilisha ni Ijumaa. Nikikosa, naenda kuuza magodoro dukani kwa shemeji. Keshanipa fulana yenye picha ya godoro. Imenikaa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Halafu Mama keshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari wa konokono. Nafasi hii siiachi, liwalo na liwe!

Jumanne, 5 Machi
Miwani kaondoka alfajiri kupanda mlima. Mwendo wa saa nne! Mimi nimetumia akili. Nyuma ya maabara kuna mtaro, na humo konokono tele, wanene, wapole. Nimeokota ishirini kwa dakika kumi, tena nimevaa ndara. Kumi nimewatia kwenye ndoo ya maji, nikaandika "Kinamasi". Kumi kwenye boksi la mchanga mkavu, nikaandika "Mlima". Akili ni mali.

Jumatano, 6 Machi
Miwani karudi na mikwaruzo miguuni, na wa mlimani kapata tisa tu. Nikampa pole. Nikamuuliza huko juu kukoje. Kanieleza yote, maskini: upepo, mawe, miiba. Nimeyanakili yote daftarini chini ya kichwa "Niliyoyaona".

Alhamisi, 7 Machi
Nimepasua. Balaa! Tezi za mlima na za kinamasi ni shilingi kwa ya pili. Nimepima kwenye hadubini mara tatu, hazitofautiani hata kwa unywele. Nikakaa nikawaza. Nikashika kibano, nikaanza kuzivuta zile za mlima. Ya tatu ikakatika. Zilizobaki nimezirefusha kwa kalamu kwenye mchoro. Sasa za mlima ni kubwa mara tatu. Sayansi inataka uvumilivu.

Ijumaa, 8 Machi
Nilianza vizuri. Upepo na miiba nilivieleza mpaka mwenyewe nikahisi baridi. Miwani alikuwa ananikodolea macho tu. Profesa akaokota gamba moja la "Mlima", akaligeuza, akalisogeza kwenye taa. Kumbe konokono wake wa utafiti huwaandika namba kwa rangi, ndogo kama ufuta, ndani ya mdomo wa gamba!

"Huyu ni namba kumi na saba," akasema. "Nilimtoa kinamasini kwa mikono yangu mwaka jana, nikamwachia hapo mtaroni. Mlimani alipanda lini, kijana wangu?"

Nikajibu kwamba labda alikwenda kutembea. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini Mungu si Athumani. Profesa ni mtu wa hesabu kamili: Miwani kaleta tisa, hawakutimia kumi, kwa hiyo naye kazi yake haijaisha. Tumepewa hadi Jumatatu, yeye alete mmoja, mimi kumi. Yaani tuko sawa! Tulipotoka nje Miwani akaniambia kesho twende wote, njia anaijua.

Jumamosi, 9 Machi
Miwani kagonga mlango saa kumi na mbili asubuhi, kabeba maji ya watu wawili. Nikamwambia nina homa. Kanipa pole, kaenda peke yake. Roho iliniuma kidogo.

Nimejilaza nikatafuta nilipokosea. Mtu mzima lazima akubali kosa lake, na langu nimelipata: nilipeleka magamba. Ya nini? Tezi iko mguuni! Nimeshuka mtaroni na ndoo, nimeokota kumi, nimewavua magamba wote. Sasa Profesa atafute namba mpaka achoke.