Nyumba Yangu ya Lower Pimbury

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Leo Shem ametuonyesha tena video ya nyumba yake. Mara ya saba. Shem ni mwenzangu wa chumba hapa Discovery Gardens, Dubai, tumezaliwa katika vijiji jirani kule Vihiga, Kenya. Yeye analala kitanda cha chini, mimi cha juu. Cha juu ndicho cha heshima. Amejenga vyumba vitatu, sakafu ya vigae, geti lenye simba wawili. Nikamwambia simba mmoja ana macho ya mbuzi. Amelala bila kuniaga.

Halafu Teresiah akapiga simu. Teresiah ni mhudumu wa mkahawa wa hoteli kule Marina, na ndiye nitakayemuoa, Shem apende asipende. Baba yake na wazee wa kwao Nyahururu watazungumza nami kwa simu Ijumaa. Swali lao moja tu: binti yetu utamweka wapi? Asiye na nyumba asihangaike kutuma mbuzi wa mahari. Teresiah akasema kama sina, niseme sina, yeye atajua la kufanya. Nikamwambia asiniaibishe. Mimi ni mtu wa mali.

Nina kitanda cha juu na siku sita.

Jumatatu, 3 Novemba

Mungu hamtupi Clifford.

Mimi ni askari wa mapokezi katika jumba la ghorofa arobaini, Dubai Marina, mwaka wa tisa sasa. Watu mia nne hupita mlangoni kwa siku, wote nawasalimia. Mmoja ni Madam Winifred wa ghorofa ya thelathini na moja, mjane wa Kiingereza, aliyeletwa na mwanawe asikae peke yake. Kila asubuhi huteremka, huketi karibu na meza yangu na kuniuliza kama mvua itanyesha. Kila asubuhi namjibu inshallah, madam.

Leo amesema mwanawe anamtaka auze nyumba yake ya kijijini. Watu wa London wameiona, lakini wanaitaka ya wikendi. Yeye anamtaka mtu atakayekaa, awashe moto, aende kanisani, asalimie majirani. Nikamwambia madam, mtu huyo amesimama mbele yako amevaa sare.

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema naweza kulipa polepole, hata miaka ishirini, mradi mwanawe asijue kwanza. Mambo ya viza nitayaangalia baadaye, hayo ni madogo.

Kijiji kinaitwa Lower Pimbury. Kina kanisa, baa moja, na basi la Jumanne na Alhamisi. Upper Pimbury pia ipo, lakini hawasalimiani tangu mashindano ya maboga. Huwezi kubadilisha rangi ya mlango bila barua ya kamati. Chifu wetu akisikia atataka kuhamia huko. Nyumba yenyewe ni ya mawe, ina miaka mia tatu. Nikamwambia asijali, tutairekebisha.

Jumatano, 5 Novemba

Nimewatangazia wote chumbani. Shem akauliza choo cha huko kiko ndani au nje. Nikamwambia Uingereza hata baridi iko ndani. Akajifunika shuka.

Mchana nikaenda soko la Naif kwa Aboud, mfanyabiashara wa Lamu anayepakia nguo za kwenda Mombasa. Nikanunua koti zito la sufu. Mwenye nyumba ya Uingereza lazima azoee. Nimerudi nalo mwilini ndani ya metro. Mzee mmoja wa Kihindi alinipisha kiti akidhani naumwa. Heshima imeanza.

Ijumaa, 7 Novemba

Simu ya video ilipigwa saa kumi, katika chumba cha chakula cha wafanyakazi wa hoteli, Teresiah kando yangu. Wazee watano katika simu moja. Mmoja alionekana sikio tu.

Wakauliza. Nikajibu: Uingereza. Wakanong'onezana kwa heshima. Baba yake Teresiah akasema basi tuione. Picha ya nyumba niliyomwomba Madam Winifred ilikuwa imeingia dakika hiyohiyo. Nikawatumia bila kuifungua. Mtu mwenye mali hakagui mali yake mbele za watu.

Mzee mmoja akauliza, kwa upole sana, kama hilo ni jiko, na nyumba yenyewe iko upande gani.

Nikaifungua. Nyasi. Nyumba nzima imeezekwa nyasi, zimeshuka mpaka madirishani, kama mtu aliyevaa kofia ya kuazima.

Baba yake Teresiah akasema kwao nyumba ya nyasi ya mwisho ilikuwa ya mama yake. Yeye mwenyewe alipanda juu akazing'oa kwa mikono yake, akaapa hakuna mtoto wake atakayelala chini ya nyasi tena. Hakupaza sauti. Heri angepaza. Yule wa sikio akasema kijana yuko mbali, maskini, huenda mambo yamemlemea, wanaweza kunichangia mabati.

Nikasema mabati yako njiani.

Teresiah alinitazama kama meza ya watu kumi waliokula wakatoroka.

Jumamosi, 8 Novemba

Akili ni mali. Nimerudi Naif, kwa Arwa mwenye duka la picha. Kwa kompyuta yake ameng'oa nyasi zote akapiga mabati mekundu. Akaweka mifereji, tangi la maji, na geti lenye simba wakubwa kuliko wa Shem. Arwa akauliza kama mwenye nyumba amekubali. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Au karibu hivyo.

Nikaituma Nyahururu. Baba yake Teresiah akajibu: sasa hiyo ni nyumba. Nimemsomea Shem ujumbe huo mara kumi na moja.

Nakala moja kubwa nimeiwekea fremu. Zawadi ya Madam Winifred. Atafurahi.

Jumatatu, 10 Novemba

Madam Winifred aliitazama picha muda mrefu. Akauliza hii ni nini. Nikamweleza: nyumba ya kudumu, haivuji, na mvua ikinyesha ataisikia vizuri, maana ndiyo anayoitamani.

Akaomba maji. Akasema hizo si nyasi za shida. Ni matete, yamepangwa kwa mkono, marehemu mumewe alikuwa akimshikia fundi ngazi. Watu hulipa pesa nyingi wayapate. Na sheria inakataza kuyagusa. Nikamfariji: madam, hata sisi tulikuwa maskini, si aibu. Akailaza picha kifudifudi, akaingia kwenye lifti.

Jioni mwanawe akashuka kuniuliza nimemwambia mama yake nini, kwa sababu anafunga masanduku. Nikamjibu mazuri tu. Nyuma yake akaja Madam mwenyewe, akanishika mkono. Akasema nimemwokolea nyumba. Ameona kwamba paa lile halina mtu mwingine duniani, hivyo hauzi, anarudi kwake.

Khalas, imekwisha. Nina sifa ya kumrudisha Mwingereza Uingereza. Nyumba sina.

Jumatano, 12 Novemba

Nilikuwa nimepanga kumwambia Teresiah kwamba ununuzi umechukua sura nyingine. Nilipomwona, mdomo ukakataa. Nikasema sina. Sikuwahi kuwa nayo.

Akasema ahsante, neno moja umelibeba siku kumi na moja.

Kisha akanionyesha simu yake. Ploti, Nyahururu. Vyumba vinne, kuta zimesimama, fundi anaezeka wiki hii. Miaka mitano ya kubeba sahani. Hakuniambia kwa sababu alitaka kujua anaolewa na mwanamume au na kipaza sauti.

Akampigia baba yake papo hapo, akamwambia yote, hata simba. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema aliyekubali kwamba hana anaweza kupewa, nije Disemba.

Teresiah ana masharti: nisiguse chochote, nisiongeze chochote, nisimwambie Shem. Nimekubali kwa moyo wangu wote. Shem nimemwambia juujuu tu.

Ijumaa, 14 Novemba

Madam Winifred ameondoka asubuhi. Nilimbebea masanduku. Alinikumbatia mbele ya lobi nzima, akasema paa kama lake ni la wenye kujua.

Nimelitafakari hilo zamu nzima. Shem ana mabati. Chifu ana mabati. Nyahururu nzima ni mabati. Mgeni akipita atajuaje kwamba hapa anaishi Clifford, mtu aliyeiona dunia? Waingereza wanalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho kinamasi cha Nyahururu kimejaa bure.

Nimempata fundi, namba yake iko kwenye kibao cha ujenzi katika picha aliyonitumia Teresiah. Upande mmoja alikuwa amekwisha kuezeka. Nimemwambia aezue, arudishe mabati dukani, atafute matete. Aliniuliza mara tatu kama niko mzima. Nikamwambia yalla, haraka, ni amri ya mwenye nyumba.

Teresiah ametuma ujumbe sasa hivi, anauliza mbona fundi hapokei simu yake. Nimemjibu atulie, mambo mazuri yanakuja.