Karatasi Niliyozibia Mdomo

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Huku Mgeta, mbele ya afisa elimu kata!

Mnanijua kwa kujiamini. Nimepanda kutoka mjini kuwapima watoto wa darasa la pili kama wanatofautisha sauti. Nasema "pata, bata", mtoto anajibu "tofauti". Nasema "fua, fua", anajibu "sawa". Jozi kumi na mbili. Siri ya kazi: unaziba mdomo kwa karatasi, wasije wakasoma midomo. (Hilo niliwatangazia walimu kana kwamba nimelivumbua mimi.) Mambo yakienda vizuri, Jumatatu naendesha semina ya walimu wa kata nzima. Suti iko kwa dobi tayari.

Mtoto wa kwanza, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Wa pili, hivyohivyo. Wa tisa, hivyohivyo! Nikamwita mwalimu mkuu.

"Mzee wangu, hapa mna vipaji!"

"Ni hizi mboga zetu," akajibu, kifua mbele.

Nikampigia simu mama afisa aje ajionee. (Nani alinituma?) Akafika na bodaboda, vumbi tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nionyeshe."

Akakaa dawati moja na Zaituni, mtoto wa kumi. Nikaziba mdomo, nikasoma kwa madaha. Zaituni anajibu bila kusita. Tukafika jozi ya saba. Kimya.

"Zaituni, hujasikia?"

"Nimesikia, mwalimu. Ila toa kidole. La saba silioni."

Mama afisa akainama, akatazama karatasi kutoka upande wa mtoto. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikaigeuza. Mama yangu wee! Jana, katika kubana matumizi, nilichapa maswali mbele, majibu nyuma. Namba moja hadi kumi na mbili, herufi kubwa! Watoto kumi nimewashikia majibu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Sasa mbona hukusema?" nikamuuliza Zaituni.

"Nilijua unatusaidia."

Mwalimu mkuu akatoka nje, eti anaangalia mvua. Jua linawaka!

Mama afisa akajifuta machozi. "Semina Jumatatu uje, mwanangu. Ila utakaa na wanaofundishwa."

Nimewarudia wote kumi, mmoja mmoja. Wamekosea vizuri tu, kama watoto wa kawaida.

Sasa nisikie mtu anacheka, namtoa kwenye grupu. Huku admini bado ni mimi.