Balozi wa Mirihi Saunani

Jumatatu, 12 Januari
Helsinki. Giza tangu saa kumi jioni. Nimechoka na wiki haijaanza. Kesho anatua balozi wa Mirihi kuzungumzia mkataba: walowezi wa huko hawataki tena kutawaliwa na Dunia. Bosi wetu, Hilkka, kasema atakayemfanya atie saini ndiye mkuu mpya wa itifaki. Yaani mimi! Rauha, wa meza ya jirani, kapendekeza kahawa na mikate ya iliki. Mikate! Kwa mtu aliyetoka Mirihi!

Jumanne, 13 Januari
Balozi Eskil kafika. Kazaliwa hukohuko. Mvuto wa Dunia unamwelemea, anatembea kwa mikongojo. Kwetu mambo makubwa huamuliwa saunani, chumba cha mvuke wa moto, wanaume uchi, vyeo vikining'inia msumarini pamoja na suruali. Nimemwalika. Rauha akaniuliza kama nimesoma desturi zao. Nikamwambia wivu ni kidonda, akishiriki atakonda.

Jumatano, 14 Januari
Balaa. Tulikaa vizuri, jasho linatiririka, balozi anatabasamu. Nikachota maji, nikayamwaga juu ya mawe ya moto, kama walivyofanya babu zangu wote. Akapiga yowe. Nikadhani ni raha, nikamwaga kata nyingine! Kumbe kwao hata mkojo huchujwa ukanywewa, na anayemwaga maji mbele yako anakutakia kifo. Akauliza, huku analia, kama Dunia ndivyo inavyotangaza vita. Akatoka nje kwenye theluji bila mikongojo. Nikamkimbilia kumwomba radhi. Nilisahau taulo. Waandishi wa habari hawakusahau kamera.

Alhamisi, 15 Januari
Mirihi imefunga bandari yake ya anga. Binti wa Hilkka anafanya kazi huko, sasa amekwama. Hilkka hakunifokea. Alilia tu. Niliona aibu.
Jioni Rauha alikwenda hotelini na glasi moja ya maji. Akanywa nusu, nusu akampa balozi. Basi! Kwao huo ndio undugu. Mkataba umetiwa saini, bandari imefunguliwa.

Ijumaa, 16 Januari
Rauha ni mkuu wa itifaki. Mimi nimehamishiwa stoo ya bendera. Alipita kunipa pole, akasema, "Mzee Veikko, pumzika sasa, usimkaribishe mtu tena."
Nimepumzika, nimefikiri, na kosa langu nimelipata: joto. Wageni hawa hawapendi joto. Machi unakuja ujumbe wa Mwezini. Nimeshaazima msumeno. Nitawakatia shimo kwenye barafu ya bahari, niwasukumie humo mmoja mmoja.