Kifuniko Mdomoni, Pwani Chini ya Maji

Jumatatu, 3 Juni

Itangazwe rasmi, na vizazi vijavyo visome vikiwa vimesimama: leo saa nne na dakika kumi asubuhi nimenunua kifuniko kipya cha lenzi. Cheusi. Cha mviringo. Kinabana vizuri. Ni cha nne mwaka huu. Cha kwanza kilidumbukia kwenye pipa la sharubati harusini. Cha pili nadhani kilizikwa pamoja na marehemu mmoja, wafiwa sijawaambia. Cha tatu sina habari nacho.

Mwalimu amekitazama, akasema nikipoteza na hiki nitafute mke mwingine, mwenye moyo wa bati. (Mwalimu ni mke wangu. Mji mzima humwita hivyo, hata mimi nikiwa naomba chumvi.) Nimeapa kwamba hakitatoka mikononi mwangu. Ikibidi nitakishika kwa meno.

Habari nyingine, ndogo: studio yangu inakufa. Watu wanajipiga wenyewe kwa simu. Wiki nzima mteja mmoja tu, picha ya pasipoti, naye akaikataa kwa sababu inafanana naye. Mtaani wananiita Mzee Pasipoti. Mwalimu amesema kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa: nisipopata kazi ya maana kufika Jumamosi, Jumatatu ijayo naripoti kwa kaka yake, muuza magodoro. Shemeji ameshanishonea koti la kazi. Limeandikwa mgongoni LALA SALAMA.

Miaka ishirini na sita nyuma ya kamera. Lala salama!

Jumanne, 4 Juni

Kazi ya maana imepatikana! Au tuseme karibu.

Nimeitwa na Bwana Ramani, mkuu wa ofisi ya viwanja. Chumba chake kimejaa ramani zilizoviringishwa kama mikeka ya wageni; unamtafuta kwanza ndipo unamwamkia. Anataka picha kubwa ukutani, pale watu wanaposubiri kwenye benchi. Picha kutoka angani, kuanzia mnara wa taa hadi mdomo wa mto. Kasema watu wanaojenga huko hawajui maji huishia wapi, na mwaka jana familia nzima iliamka vitanda vikielea. Wakija kuulizia viwanja waione kwa macho yao.

“Nataka pwani,” kasema. “Pwani hasa.”

Nikamwambia pwani hasa ataipata. Mimi nimekulia bara. Kwangu pwani ni pwani tu: ukiona maji mengi yenye chumvi, umefika. Hilo neno “hasa” nililipita kama kokoto njiani.

Picha zinatakiwa Jumamosi saa nne. Siku moja na ile ya Mwalimu! Naona mkono wa mtu hapo.

Ndege? Ipo. Mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu siku hizi ni rubani wa kindege cha vifurushi. Binti mtulivu, aliyekuwa akiogopa hesabu. Kaja jioni, kaniamkia, “Shikamoo, baba,” kisha akasema Alhamisi ana saa moja ya kukijaribu kindege baada ya matengenezo. Nichague mwenyewe: saa tano asubuhi au saa kumi na moja jioni. Nikasema nitamjulisha. Mtu mwenye kazi ya maana hajibu papo hapo.

Jumatano, 5 Juni

Adui amevuka barabara.

Namsema Bwana Droni. Studio yake inatazamana na yangu. Mlango wake ni wa kioo na hufunguka wenyewe. Wangu hufunguka ukiunyanyua kidogo na kuuomba. Kaja na vikombe viwili vya chai. Viwili! Kimoja changu. Nikanusa kwanza.

Kasema eti yeye ndiye aliyempa Bwana Ramani jina langu. Eti droni yake haifiki mbali, upepo wa baharini unaigeuza kama karatasi ya andazi. Nikamcheka kimoyomoyo. Kisha akainama, akashusha sauti:

“Kaka, nenda saa tano asubuhi. Maji yatakuwa yamekupwa kabisa. Jioni yatakuwa yamejaa, halafu jua litakupiga kwa nyuma.”

Nikamshukuru. Alipoondoka nikachukua karatasi nikapiga mahesabu. Adui anasema asubuhi. Kwa hiyo jioni ndiyo nzuri. Lakini anajua kwamba najua ni adui. Kwa hiyo labda anasema asubuhi ili niende jioni. Kwa hiyo asubuhi. Lakini huenda amejua kwamba nitafika hapo pia, kwa hiyo jioni. Kichwa kikaanza kuuma upande mmoja. Mwishowe nikajiuliza: kweli mtu anayevaa suruali ile yenye matundu magotini anaweza kufikiri hatua tatu mbele? Hawezi. Jioni.

Nimempigia rubani. Kauliza kama nina uhakika, maana jioni maji yatakuwa yamejaa. Nikamwambia bahari iliyojaa ndiyo bahari. Nani hupiga picha ya ndoo tupu? Kasema haya baba, ila nivae nguo nyeusi, ndege ina vioo.

Nguo nyeusi ni za msiba. Sitaki kuwapa watu mawazo. Nitavaa shati langu la njano, ili nikidondoka nionekane haraka.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeruka!

Kindege ni kidogo kuliko gari la magodoro la shemeji. Mlango wake hufunga kwa mlio wa kabati la vyombo. Rubani kanifunga mkanda, kanivisha hedifoni zenye kidude cha kuongelea mbele ya mdomo, kasema dirisha halifunguki na chochote chekundu nisikiguse. Goti langu lilikuwa limeshagusa chekundu. Nikalivuta taratibu.

Tukapaa.

Nikatoa kifuniko. Niweke wapi? Mfuko umebanwa na mkanda. Sakafu ina tundu. Niliona nyasi zikipita wakati tukikimbia. Nikamkumbuka Mwalimu. Meno.

Sasa niseme kitu ambacho sikutarajia. Kutoka juu, mji wetu ni mdogo hadi unauonea huruma. Mnara wa taa kama kichupa cha chumvi. Nguo zilizoanikwa kama stempu. Nimeiona ndoo yangu ya bluu niliyoitafuta tangu mwaka jana: iko juu ya paa la studio. Na nimeona jambo jingine. Studio yangu na ya Bwana Droni, ambazo chini zinatenganishwa na barabara na chuki yote ile, kutoka huku juu mabati yake ni kama yamegusana na yangu. Unaweza kudhani ni nyumba moja. Nikajisikia vibaya kidogo. Halafu tukapita.

Nikaanza kupiga, kamera kifuani, maana kile kidude cha mdomoni kilizuia kuiinua. Rubani akawa ananiuliza maswali masikioni. Baba, nipite juu ya nchi kavu, bahari ibaki upande wako? Kifuniko kiko mdomoni. Nikasema mm. Nishuke kidogo? Mm. Tukashuka. Si kidogo. Nikamwona mtu ufukweni anakimbia na kiti chake. Baba, unajisikia kutapika? Nilitaka kusema hapana; ikatoka mm. Basi turudi? Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote, lakini yeye anatazama mbele, hanioni. Nikasema mm! mm! mm!

Akasema pole sana, baba, nageuza sasa hivi.

Mdomo wa mto sikuuona. Lakini picha mia mbili na kumi na nne! Na kifuniko kipo. Nimekiweka mezani mbele ya Mwalimu kama mtu aliyerudisha kombe. Kasema mbona kina alama za meno.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefungua picha kwenye kompyuta.

Sielewi.

Kuna mtu angani. Kwenye kila picha. Ni mkubwa kama wingu, rangi ya njano, macho yamemtoka, masharubu yamesimama, kidevu juu, na mdomoni ana kitu cheusi cha mviringo kama bata aliyemeza sahani ikakwama. Mnara wa taa unamtoka sikioni. Mawimbi yanampiga mashavuni. Nimemtazama robo saa nzima nikijiuliza nilimwona wapi.

Ni mimi.

Jua la jioni liliingia kwa dirisha la upande wa pili, likanimulika mimi na shati langu, na kioo kikanirudisha vilevile nilivyo. Nilipiga kioo. Pwani ilikuwa imesimama nyuma yangu tu, kama jirani anayetaka kuonekana kwenye picha ya harusi.

Mwalimu kaja, katazama ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kachukua simu, kampigia dada yake, kasema njoo, acha unachopika.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nimekata picha. Nimetoa uso, nimetoa shati, nimetoa sikio. Vilivyobaki nimeviunga vikawa picha moja ndefu. Ni maji, na mnara wa taa pembeni. Maji safi kabisa, ya bluu, kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa mbali inapendeza. Kwa mbali sana.

Jumamosi, 8 Juni

Saa nne kamili kwa Bwana Ramani. Nikaikunjua mezani kwake, nikarudi nyuma hatua mbili kuachia sifa zipite.

Katazama. Kauliza pwani iko wapi. Nikamwonyesha. Kasema hapana, hii ni bahari. Nikasema ndiyo, bahari ya pwani. Kasema nimeomba pwani. Nikasema ndiyo hii. Tukaenda hivyo muda mrefu, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu upande wake.

Mwisho kavua miwani. Kasema Mzee wangu, sikiliza neno lenyewe. Maji hupwa. Yakishakupwa, ile ardhi inayobaki wazi, yenye matope na kaa na nyayo za watu, ndiyo pwani. Maji yakijaa, pwani haipo, imefunikwa. Wajenzi wanaiona kavu asubuhi wanapiga vigingi. “Wewe umekwenda wakati imefunikwa, ukapiga blanketi.”

Miaka ishirini na sita nimeishi hapa! Neno nalitamka kila siku. Sikuwahi kulitazama ndani.

Nikamwuliza kama blanketi haliwezi kusaidia. Akaishika karatasi, akaisogeza dirishani. Kisha kauliza kwa nini mnara wa taa una masharubu.

Kipande kimoja cha uso wangu nilisahau kukata.

Kacheka mpaka akakaa chini kati ya ramani. Katibu wake kaja kuangalia. Watu wa kwenye benchi wakaja. Bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya kiwanja kasema Mungu amsamehe, lakini hii ndiyo mara ya kwanza ofisi hii imemfurahisha.

Nimerudi kwa miguu. Mwalimu alikuwa mlangoni. Koti la LALA SALAMA lilikuwa limeshapigwa pasi.

Jumatatu, 10 Juni

Leo naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Nitasema mambo yalivyokuwa, bila kujipamba.

Ukweli wa kwanza. Bwana Droni hakunidanganya hata neno moja. Jana nilikwenda nyumbani kwa Bwana Ramani kumtaka radhi. Yeye ndiye aliyenieleza: ni kweli Bwana Droni alikwenda pale kusema kazi hii anaiweza Mzee Pasipoti peke yake, kwa sababu mkono wake hautikisiki. Nimelisoma hilo neno, “hautikisiki”, mara kadhaa moyoni. Lilinichoma kuliko yale masharubu.

Ukweli wa pili. Nilikuwa na rubani mzuri, ndege nzima na anga safi, nikashindwa kwa sababu ya shati, suruali ya mtu mwingine na kifuniko cha lenzi. Rubani kamwambia Mwalimu kwamba alinihurumia njia nzima; alidhani ninalia.

Ukweli wa tatu ni wa leo. Nimeripoti dukani. Shemeji kanipokea vizuri, kusema kweli, kaniita fundi mbele ya wateja. Kasema kwa kuwa mimi ni mtu wa kamera, nimpigie picha ya tangazo, magodoro yote yaonekane. Nikamwambia picha ya namna hiyo hupigwa kutoka juu. Nikaweka ngazi, nikapanda. Nikatoa kifuniko. Koti la LALA SALAMA halina mfuko.

Shemeji akauliza kutoka chini: niishike ngazi, shemeji, au niende nikamhudumie mteja?

Nikasema mm.

Magodoro ni mazuri. Naweza kuyathibitisha. Nilikosea kidogo tu, nikatua mahali yanapoishia. Kifuniko kimesalimika.

Mchana kaja Bwana Ramani mwenyewe, kanikuta nimelazwa dukani kama bidhaa. Kasema lile blanketi langu limemfungua macho: anataka picha mbili sasa, pwani ikiwa wazi na pwani ikiwa imefunikwa, ziwekwe pamoja ukutani. Ile bahari yangu ataitumia, masharubu yakifutwa. Nimpatie ile nyingine tu. Mwalimu kasema sawa, ananipa wiki mbili, lakini siku nyingine zote niwe dukani. Rubani yuko tayari. Bwana Droni kaleta kitambaa cheusi cha kujifunika na jedwali la maji kupwa na kujaa, kalipigia mstari mwenyewe: Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne na nusu asubuhi.

Nimemshukuru. Nilimaanisha, machozi yalinilenga.

Halafu alipoondoka nikaanza kufikiri. Saa nne ningeelewa. Saa tano ningeelewa.

Kwa nini aseme na nusu?