Uzinduzi wa Mtambo wa Kuyarudishia Maji Madini Yake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakuweza kufika nafasi yake naikaimu mimi mwenyewe. Waheshimiwa viongozi wa kata mlioketi kwenye viti vyenye vitambaa, nanyi mlioketi kwenye viti visivyo na vitambaa kwa kuwa vitambaa vimekwisha. Masheikh wetu, wachungaji wetu, na masista mliotoka upande wa Kifungilo. Mabwana shamba na mabibi shamba. Wanakikundi wa kilimo hai wa kijiji hiki. Wageni wetu kutoka Magoma mliopanda mlima kwa pikipiki mkidhani leo kuna gulio. Niliowasahau mjihesabu nimewataja, na niliowataja mkae. Onga makeo. (Kicheko. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisambaa, na sasa ni saa tisa mchana. Watu wamengoja tangu saa tatu.)

Nashukuru kwa furaha hiyo. Mimi, Kornelio, ni mtoto wa hapa hapa chini ya mlima Magamba, nimekunywa maji ya chemchemi hii nikakua, nikaenda kusoma, nikarudi nikiwa Mratibu wa Kanda wa Kitengo cha Maji Yaliyoboreshwa kwa Kilimo Hai, cheo ambacho kanda nzima ninacho peke yangu. Kama yupo mwingine mwenye cheo hiki, asimame. (Hakuna anayesimama.) Mmeona wenyewe.

Ndugu wananchi, kwa mujibu wa fizibiliti stadi tuliyoifanya kwa weledi mkubwa na chupa mbili, maji ya chemchemi yenu yamekutwa na kalisi, magnesiamu, chuma na potasiamu, vitu ambavyo vimeingia humo vyenyewe, bila kibali, bila kupitia ofisi yoyote, na mboga zenu zimekuwa zikivila tangu enzi za mababu pasipo mtu kujua vilikotoka. (Sauti: “Vimetoka mlimani.”) Mlimani si ofisi, ndugu yangu.

Ndipo Kitengo changu, yaani mimi, kikaja na mkakati wa awamu mbili. Awamu ya kwanza, maji yanachujwa na kusafishwa hata yabaki maji matupu, yasiyo na kitu. Awamu ya pili, kwa kuwa utaalamu unaonyesha kwamba mmea hauishi kwa maji matupu, kama vile mtu hashibi ugali mkavu, tunayarudishia madini. Madini gani? Yale yale. (Minong'ono.) Yale yale, ndugu zangu, ila sasa yanaingia kwa mlango wa mbele, yamepimwa, yana barua.

Na hatukukurupuka. Tulianzisha shamba darasa la miche mia mbili ya kabichi, tukaimwagilia maji ya awamu ya kwanza peke yake, ambayo kwa kuwa mtambo ulikuwa bado kwenye mchakato tuliyapata gereji pale Lushoto mjini, yale ya kutia kwenye betri ya gari. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Asilimia mia moja ya miche iligeuka njano kwa pamoja, jambo linaloonyesha mshikamano, na asilimia tisini na nne ikafa, lakini ikafa bila tone la kemikali, kwa hiyo sifa yetu ya kilimo hai haikuguswa. (Makofi, ya mtu mmoja. Ni dereva wake.)

Wapo wabezaji watakaosema, mbona Bi Mwanaidi, mwenyekiti wa kikundi, ana pipa nyuma ya nyumba, analoweka majani ya tughutu na samadi na jivu kwa wiki mbili, anamwagilia maji yale, na kabichi zake zinajifunga kama ngumi. Ni kweli, sikatai. Hata kabichi mnayoiona kwenye bango langu hapa ni ya kwake. Lakini niwaulize kwa heshima zote, pipa lile lina bango?

Kwa muktadha huo, mwezi Juni, kama hatua ya awali ya utekelezaji, tulijenga ukuta kwenye mdomo wa mfereji, tukaweka lango la chuma na kufuli, ili maji yasiendelee kuteremka mashambani na madini yake ya kienyeji. Ukuta umekamilika kwa asilimia mia moja. Leo ni Septemba, na ifikapo mwakani tutafikia kaya elfu nne na mia mbili hapa kijijini. (Mtu anasema kijiji kina kaya mia tatu.) Hizo nyingine tutazihamasisha. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nasi tumeshayavulia.

(Bi Mwanaidi amesimama. Ana miaka sabini, amefunga kanga kiunoni, haongei.) Bi Mwanaidi, una neno? (Bado anangoja, anamtazama.) Naam, ruksa, sema. (Anangoja. Watu wanaanza kuguna.) Ah. Shikamoo, mama.

(“Marahaba, mwanangu. Mimi nina neno moja tu. Keshokutwa Ijumaa mkaguzi wa kilimo hai anakuja. Akikuta matuta makavu, cheti chetu hatukipati tena, na mnunuzi wetu anakwenda kwa wengine. Miaka sita tumekihangaikia kile cheti. Tulikuwa na matuta kumi na nane, yamebaki manne, na hayo manne tunayapa maji ya ndoo, kichwani, kutoka bondeni, tangu Juni. Shingo zimekwisha. Tunaomba ufunguo wa lile lango.” Makofi, marefu kuliko yote ya leo.)

Nawashukuru kwa makofi hayo mliyonipigia. Mama ameuliza swali zuri sana. Ufunguo upo, na uko kwenye mchakato, maana ufunguo wa mradi si ufunguo wa kabati, ni lazima uombwe kwa maandishi, nakala tatu, ujadiliwe na mastekholda wote, upelekwe wilayani, urudi kwangu, nami niurudishe wilayani kwa sababu haukugongwa muhuri. Huyo mkaguzi akija mwambieni asubiri mtambo. (“Uko wapi huo mtambo?”) Mtambo, mama, ni lile tenki pale lililofunikwa shuka, lakini kwa upana wake mtambo ni dhana. (“Kabichi hazili dhana, mwanangu,” anasema Bi Mwanaidi. Anaokota jembe lake na kutoka hemani.)

Naona akina mama wanamfuata. Na wanaume nao. Mtendaji wa kijiji, hebu waambie wakae, hotuba iko ukurasa wa tano kati ya kumi na tisa. (Mtendaji anainuka. “Mheshimiwa, si uliniagiza mwenyewe nitangaze msaragambo?”) Niliagiza, ndiyo, kwa sababu mikutano yangu miwili iliyopita ilihudhuriwa na watu saba, na hapa kwetu ukitangazwa msaragambo kila nyumba hutoka na jembe au sururu, na asiyetoka hukosa zamu yake ya maji. Nilitaka watu, na majembe yangependeza kwenye picha. Sikusema kuna kazi. (“Msaragambo ukishaitwa hauvunjwi mikono mitupu, mheshimiwa. Hilo unalijua, umezaliwa hapa,” anasema Mtendaji, naye anachukua sururu na kuondoka.)

Basi mliobaki tuendelee. Mliobaki ni wageni wetu wa Magoma, karibuni sana. Hizo sauti za sururu mnazozisikia huko juu ukutani ni ishara kwamba jamii imeumiliki mradi, na sasa tuingie kwenye kaulimbiu. Nikisema “Maji safi”, ninyi mnajibu “Madini yenye barua”. Maji safi. (Wageni wanageuka kutazama huko juu.) Maji safi, ndugu zangu. (Maji yanaingia hemani. Hema limefungwa juu ya mfereji mkavu, kwa kuwa hapo ndipo palipo tambarare. Yanapita chini ya meza kuu, yanalowesha viatu vya Mratibu, yanateremkia mashambani. Wageni wa Magoma wanawasha pikipiki.) Haya maji naomba yaandikwe kwenye ripoti kama impakti.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Ndugu Nassoro, mwenye duka, kwa kutuazima tenki lake tupu tukaliandika MTAMBO; asiwe na wasiwasi, tulitumia chaki. Namshukuru fundi Nikodemo kwa ukuta, ambao nadhani sasa ni mawe. Na kwa namna ya pekee namshukuru katibu wangu, Yudith, aliyenipa kikaratasi hiki sasa hivi ili niwasomee. Kinasema: “Mheshimiwa, barua ya kuomba huo mradi haijatumwa popote. Iko kwenye droo yako tangu Mei, inangoja saini.”

Asante, Yudith. Kumbe ni saini tu. Nani ana kalamu? (Watu wote wako kwenye matuta manne ya kikundi, wanayapokea maji.)