Malalamiko Rasmi Dhidi ya Mkanju wa Bi. Jumwa

Kwa Mwenyekiti wa Nyumba Kumi,
Mzee Ruwa,
Utange.

Mzee wetu, shikamoo.

KUH: MKANJU UNAOMTESA BINTI YANGU CINDY

Naandika nikiwa na afya njema, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu pua ya binti yangu Cindy, mwenye umri wa miaka tisa. Tangu mkanju wa jirani yetu Bi. Jumwa, yaani mkorosho wake, uanze kutoa maua, pua hiyo haijapumzika hata siku moja. Daktari wa zahanati alisema ni aleji ya msimu. Akaandika dawa ya maji, akatuagiza tumuepushe mtoto na chavua, yaani lile vumbi la maua. Mimi ni karani bandarini, Mzee. Nikiambiwa mzigo usiingie, hauingii. Kwa hiyo naomba unisikilize hoja kwa hoja.

1. Wewe mwenyewe ulitangaza mkutanoni kwamba mgeni yeyote anayeingia mtaani aandikishwe kwako. Chavua ya Bi. Jumwa huvuka ukuta kila asubuhi na kuingia chumbani kwa mtoto wa kike bila hodi, na katika daftari lako haimo. Nilikuja kuangalia.

2. Sisi wajibu wetu tumeutimiza. Cindy akitoka shule hubadilisha sare mlangoni na kunawa uso kabla hajala. Dawa hapewi kwa kukisia, hupimiwa kwa kijiko chake. Madirisha tumeyafunga, na chini ya mabati yale mimi na mama yake, Phoebe, tunaiva polepole kama viazi vitamu. Hata neti yake ya mbu Phoebe huifua mara mbili kwa wiki. Kila asubuhi tunaianika nje ipigwe na hewa safi, na jioni tunaichomekea chini ya godoro pande zote pasibaki upenyo. Sijui ni mzazi gani mtaani humu anayefanya zaidi. Lakini ni humo humo ndani ya neti anamozidiwa. Jumatatu nilihesabu chafya arobaini na moja kabla hajasinzia. Huo ni ushahidi tosha kwamba mti huu una nia mbaya.

3. Jumapili iliyopita Cindy alipiga chafya tisa mfululizo katikati ya maombi. Mchungaji akadhani ni pepo. Akina mama wanne wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakamwamuru pepo atoke. Kilichotoka, Mzee, kiliwapata wote wanne usoni. Sasa tukiketi kanisani, benchi zima ni letu, nami nilikuwa nategemea kuchaguliwa mzee wa kanisa mwezi wa tisa.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Shule imemchagua Cindy akariri shairi kwenye tamasha la muziki Alhamisi ijayo. Amejifunza kwa wiki sita, akioga, akila, akichambua mchicha. Sasa hamalizi ubeti bila chafya mbili, na mwalimu wake, Bi. Quinter, ameanza kumfundisha mtoto mwingine shairi hilo hilo. Juzi Cindy aliniuliza kama mtu anaweza kufukuzwa kwa ajili ya pua. Nikatoka nje kuutazama mkanju ule kwa chuki. Shairi lenyewe linahimiza watu wasikate miti. Tafadhali hilo lisitumiwe dhidi yangu.

5. Bi. Jumwa nilimwendea kwa upole. Akanijibu, "Baba Cindy, mkanju huo niliupanda na marehemu mume wangu, wakati huo wewe hata Utange hukujua iko upande gani." Mjane kunijibu hivyo mbele ya kuku wake si haki.

Kwa hayo, naomba aamriwe kufanya mojawapo: mti uache kutoa maua mpaka Alhamisi ipite, au aufunike wote kwa turubai, au ukatwe, na msumeno nitaleta mimi. Ukiona hayo ni makubwa, basi yeye na mti wake wahamishiwe Mishomoroni, ambako sina mtoto.

Nisalimie wote nyumbani, na mbuzi wako pia, ambao nao nimewasikia wakipiga chafya.

Ni mimi mkazi wako mtiifu,
Bramwel Mukhwana (Baba Cindy).

N.B. Barua hii ilikaa mfukoni kwa kuwa ulikuwa umesafiri. Jumanne asubuhi Bi. Jumwa alibisha hodi kwangu akiwa ameshika neti ya Cindy. Hapa yanipasa kueleza kwamba kwetu hatuna kamba ya nguo, na muda wote huo neti tumekuwa tukiianika kwenye tawi la mkanju wake linalovuka ukuta, maana ndipo penye upepo mzuri. Aliikung'uta mara moja tu mbele yangu. Vumbi na maua makavu vilivyotoka vingejaza kikombe. Yeye alipiga chafya tatu, mimi saba. Kisha akanikabidhi neti, akarudi kwake.

Siku hiyo neti ilikaukia ndani. Cindy alilala kimya hata Phoebe akaamka mara mbili kumgusa kama anapumua. Alhamisi alikariri beti zote, akawa wa kwanza.

Hoja zangu zote nazifuta. Zawadi aliyopewa ni mche wa mkanju. Ameshaupanda chini ya dirisha lake, na aliyemshikia jembe ni Bi. Jumwa.